Imekwama Kwenye "Nime"

DADA: Haloo? Haloo, naongea na nani?

FUNDI: Si wewe uliyepiga? Sema wewe nani kwanza.

DADA: Samahani, kaka. Hunijui. Namba nimeikuta ubavuni mwa kompyuta, kuna karatasi imebandikwa. "Ikisumbua nipigie, nitakuja mwenyewe. Fundi."

FUNDI: [anacheka] Hiyo karatasi bado ipo? Dada, ufundi niliacha zamani. Siku hizi napiga picha za pasipoti, nazichapa kwa kompyuta hapa dukani.

DADA: Usikate! Ulimuuzia baba yangu. Mzee mrefu, mcheshi, akicheka mtaa mzima—

FUNDI: Mzee Spika! Aliyekuwa akiniita daktari wa mabati! Hajambo? Mpe simu nimsikie.

DADA: [kimya]

FUNDI: Haloo? Mtandao huu nao—

DADA: Walimtoa uvimbe kooni, kaka. Sauti ikaenda nao.

FUNDI: Lo. Pole, dada. Pole sana.

DADA: Ndiyo hiyo kompyuta inamsemea. Anaandika, yenyewe inasoma kwa sauti, mama anasikia. Mama haoni.

FUNDI: Wewe huwezi kumsomea mama?

DADA: Nilijaribu. Mzee akafunika kioo kwa kiganja. Kuna ya mtu na mkewe, kaka.

FUNDI: Nimekuelewa. Sasa inasumbua nini?

DADA: Hospitali walituwekea programu mpya ya kusoma, nzito. Jana ikasema, "Mama watoto, nime—" ikaganda. Mama akamtania, "Ume nini? Umeoa?" Tukacheka. Leo mama hachekeshi mtu. Amekaa palepale kwenye kiti, anasubiri neno limalizike.

FUNDI: Memori imezidiwa. Kuna simu kubwa hapo nyumbani, ifanye kazi hiyo?

DADA: Yangu hii ya tochi.

FUNDI: Basi zima mashine. Chomoa waya ukutani. Shika bati la mashine kwanza, umeme wa mwili utoke, halafu fungua ubavu. Unaona kijiti cha kijani, kimesimama? Hiyo ndiyo memori.

DADA: Vumbi tu... Eeh, nakiona. Na pembeni yake nafasi tupu.

FUNDI: Achia vishikio, kitoe. Yale meno ya dhahabu, yasugue na kifutio cha penseli. Taratibu.

DADA: [anapuliza] Tayari. Nimechomeka, nawasha—

[Pii. Pii. Pii.]

DADA: Mungu wangu! Nimeiua!

FUNDI: Hujaua kitu. Ikilia hivyo inakwambia haioni memori. Zima, kandamiza kijiti mpaka vishikio viseme ta! pande zote.

DADA: ... Ta. [anawasha] Imewaka! Baba, subiri, usiandike haraka— Anaandika, kaka. Nakuwekea simu karibu.

[Sauti ya mashine: "Mama watoto, nime—"]

FUNDI: Endelea...

DADA: Ndiyo mwisho. Imeganda.

FUNDI: Basi si uchafu. Kinatakiwa kijiti cha pili, pale penye nafasi.

DADA: Nitakipata wapi? Nitoke sasa hivi.

FUNDI: Usijisumbue, dada. Aina hiyo hawatengenezi tena. Maduka yote watakuonyesha vipya, na vipya haviingii hapo.

DADA: Hata cha mitumba?

FUNDI: Mashine hizo niliagiza mbili tu. Moja akachukua mzee.

DADA: Na ya pili?

FUNDI: ...Ipo. Hospitali anarudi lini?

DADA: Nani kakwambia anarudi?

FUNDI: Sauti yako.

DADA: Kesho asubuhi. Daktari alituita pembeni, mimi na kaka mkubwa. Baba hatujamwambia. Ila nadhani anajua, maana jana ndiyo akaanza kumwandikia mama ya moyoni.

FUNDI: Na vidole?

DADA: Vinatetemeka. Neno moja linamchukua muda. Basi, kaka. Asante kwa kunisikiliza. Nitamwambia mama imeshindikana.

FUNDI: Usimwambie. Nielekeze nyumbani.

DADA: Nyuma ya kinu cha kusaga, geti la bluu... Haloo? Kaka, unafanya nini? Nasikia bisibisi.

FUNDI: Siahidi kwamba itamaliza sentensi, dada. Hata kikiingia inaweza kuganda vilevile. Umesikia?

DADA: Nimesikia. Lakini kijiti umekitoa—

FUNDI: [kwa mteja] Mama, naomba usibonyeze hapo! Picha zako—

[Pii. Pii. Pii.]

DADA: Kaka... huo mlio.

FUNDI: Mteja kabonyeza.

DADA: Huo ni wa mashine isiyo na memori. Ndiyo unayofanyia kazi? Kaka, rudisha! Utakula nini kesho?

FUNDI: Ile karatasi inasemaje?

DADA: Kaka—

FUNDI: Isome tu.

DADA: "Ikisumbua nipigie. Nitakuja mwen—" Salio linaisha, kaka, geti la bluu, usi—

FUNDI: Nimeshafunga duka. Mwambie mama asiondoke kwenye ki—

[Simu imekatika.]