Gari la Kubomoa Vibanda

"Hivi mnakuja kututangazia ugonjwa kwa gari lile lile la kubomoa vibanda?" Muuza nyanya alimfokea bwana afya aliyeketi naye kiti kimoja kwenye basi, amepakata kipaza sauti kama kichanga. "Mama, tulisema wazi, msisongamane." "Nani alisikia? Tulipoliona tu tulibeba ndoo zetu tukatimua mbio, soko zima tukajibanza kichochoro kimoja! Dada yangu ninayempelekea nguo hospitali aliupatia humo." "Ofisi ina gari hilo moja tu, mama." "Na miguu hamna?"

Basi likasimama. Gari lile lilikuwa kituoni, linamngoja bwana afya. Muuza nyanya akajikuta ameshalikumbatia furushi la nguo za dada yake, tayari kukimbia.