Vitabu Vilivyofungiwa Stoo: Maisha ya Mwalimu Gaudensia Nyangi

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya binti yao jinsi yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo baadhi ya watu wangependa yasisomwe.

Mwalimu Gaudensia Nyangi Masatu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 kijijini Suguti, mtoto wa tatu wa Mzee Masatu na Mama Boke, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1982 hadi 1988, ambako alifika darasa la nne hajui kusoma, akichapwa karibu kila siku. Baada ya sekondari mjini Musoma na chuo cha ualimu, aliajiriwa mwaka 1996 katika shule moja ya Manyamanyama, Bunda, na tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani Butiama na Bwana Boniphace Mugeta, wakajaliwa watoto wawili, Jeska na Amos.

Mwaka 2014, akiwa na watoto tisini na sita wa darasa la tatu na kitabu kimoja cha hadithi, alianza kuwasomea ukurasa kwa sauti, kisha wakatoka uwanjani kuucheza, fisi kwa mabega, mvua kwa miguu, na aliyetaka kujua atacheza nini kesho ilibidi asome mwenyewe ukurasa unaofuata. Wasiojua herufi wakaanza kugombania kitabu. Ndani ya miaka mitatu aliendesha warsha hizo kila Jumamosi katika shule kumi na moja za Bunda, Butiama na Musoma, hata kisiwani Rukuba akivuka kwa boti, na waumini wenzake wakamchangia vitabu mia mbili na kumi na viwili.

Machi 2019 mkuu wake wa kazi aliagiza vitabu vyote vifungiwe stoo, akidai vitachafuka kabla wageni aliowatarajia kuja kukagua shule hawajaviona, akampa barua ya onyo kwa kuchezesha ngoma watoto wanaojiandaa kwa mtihani. Alipoitwa kujieleza mbele ya kamati ya shule, alisema, "Mimi nilikuwaga nachapwa kwa kutojua kusoma, na hakuna aliyenipa kitabu. Sasa hawa mnawanyang'anya, halafu mtawachapa."

Alihamishiwa shule nyingine. Stoo ilifunguliwa Agosti 2022, wageni hawakuwahi kuja, na mchwa walikuwa wamevitafuna vyote isipokuwa kumi na tisa, ambavyo alirudi kuvichukua, akavifuta vumbi kwa kanga yake, akilia kwa hasira, na Jumamosi iliyofuata akaanza upya navyo.

Mei 2023 alianza kuugua figo, akaendelea na warsha akiwa ameketi kitini, watoto wakicheza kumzunguka, hadi alipofariki tarehe 3 Februari 2025 katika hospitali mjini Musoma.

Jana ofisi ya mkuu yule yule aliyefungia vitabu ilileta barua ya kumsifu marehemu kwa kutekeleza mpango wa ofisi, pamoja na ombi kwamba watoto waliokuja leo wasicheze, eti kwa heshima ya msiba. Barua hiyo haitasomwa hapa, na ombi hilo limekataliwa, kwani Mama Boke, aliyemzaa, amesema watoto watatangulia mbele ya jeneza, wakicheza hadithi waitakayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala matangani, wenye boti wa Rukuba waliowaleta watoto asubuhi hii, na walimu wenzake wachache waliomtetea wakati wengi walinyamaza.

Pumzika, Mwalimu Gaudensia, na amani uliyonyimwa kazini uipate sasa.