Bwana Rudia na Picha Aliyoikana

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni dada mdogo wa marehemu, yule mshonaji. Nimepewa dakika tano. Nitajitahidi, ila anayenijua ananijua.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la baba, fundi saa. Mama alipomtuma aonje chumvi kwenye mchuzi alionja mara nne, chungu kikabaki nusu. "Nilikuwa nahakikisha," alisema. Mwaka 1984 alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara.

Tarehe 2 Januari 1985 aliajiriwa chuo kikuu, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2021. Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo, hatimaye akakabidhiwa hadubini ya elektroni katika maabara ya nanoteknolojia. Kwa sisi tusiojua, huo ni ujuzi wa kutengeneza vitu vidogo mno. Katika upana wa unywele mmoja chembe zake hupangwa maelfu. Wanafunzi walimwita Bwana Rudia, maana kila waliposema wamemaliza, yeye alisema, "Rudia."

Tarehe 12 Desemba 1987 alimuoa wifi yangu, mwalimu wa hisabati. Barua ya uchumba aliiandika upya mara saba. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa naomba mnisikilize. Mwaka 2014 maabara ilikuwa ikitengeneza chujio la maji lenye chembe za shaba za kuua vijidudu. Picha aliyoipiga marehemu ilionyesha chembe zimejaa kwenye nyuzi za chujio, nzuri ajabu. Ikashinda tuzo ya maonyesho ya utafiti, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa yeye naye angeitwa jukwaani. Siku mbili kabla ya maonyesho akapiga picha ya uzi mtupu, usio na shaba hata chembe. Lo! Akaona vilevile. Kumbe ilikuwa dhahabu. Sampuli hupuliziwa utando mwembamba wa dhahabu ili hadubini iione vizuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyeuzidisha, ukafanya vipunje kama chembe za shaba.

Alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya robota la vitambaa. Nikamwambia, na leo naona aibu, "Kaka, funika kombe mwanaharamu apite. Nani atajua?"

"Watu watayanywa maji hayo," akanijibu, akaondoka.

Akaenda moja kwa moja kwa profesa wake, mkuu wa maabara. "Profesa, ile si shaba. Ni dhahabu, na kosa ni langu. Tuiondoe." Profesa hakumsalimu wiki nzima. Tuzo ikaenda kwa wengine. Mimi nilinuna kuliko profesa, maana suti nilikuwa nimeshaishona.

Walianza upya, miaka mitatu. Tarehe 5 Oktoba 2017 chujio la kweli likatunukiwa tuzo. Profesa alipanda jukwaani, na kabla ya yote akaonyesha ile picha ya uongo, ukumbi mzima ukitazama. "Aliyetuokoa na hii amekaa kiti cha tatu," akasema. "Simama, Bwana Rudia." Kaka akasimama. Suti ile ilikuwa ikimbana tumboni. Nililia kama mtoto mchanga.

Mwezi Februari 2024 alianza kuugua saratani ya kongosho. Daktari alipomweleza, akauliza, "Mmerudia kipimo?" Wakarudia, jibu likawa lilelile. "Haya, basi ni kweli," akasema, akaomba chai. Alifariki tarehe 18 Agosti, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Hakuwa na kinyongo na mtu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, mimi dada yake, na wanafunzi wasiohesabika. Katika wasifu huu niliandika kwamba chujio lilivumbuliwa na yeye. Wifi akachukua kalamu, akakata mstari huo, akaniambia, "Wifi yangu, andika alichofanya."

Alichofanya ni kukataa sifa isiyokuwa yake. Iliyokuwa yake ilimkuta angali hai, na sisi tulikuwepo, tukampigia makofi hadi viganja vikauma.

Kaka, lala kwa amani.