Barafu za Kigwa na Vidole Vyangu

Bwana asifiwe, wapendwa wa kanisa letu la Ng'ambo, hapa Tabora! Mnanijua, mimi ndiye yule wa asali. Shule niliishia darasa la nne, lakini kutoka Kaliua mpaka hapa mjini, nani hajalamba asali yangu? Nilianza na mzinga mmoja wa gome. Leo nina ghala na gari, na sikushikwa mkono na mtu!

Basi, ndugu zangu, mtu huyohuyo alishindwa kufunga kifungo cha shati. Vidole vilivimba kama mihogo, asubuhi havikunjiki. Mama Neema, mke wangu, ndiye aliyenivalisha. Hapa kanisani nikawa nakwepa mikono yenu, mkasema tajiri amevimba kichwa. Kumbe ni vidole!

Hata nyuki niliwaachia waniume makusudi, maana warina asali tunaamini sumu yao hutoa baridi yabisi. Nikavimba mara mbili! Vidonge vya maumivu navyo vikaniharibu tumbo. Nikaogopa: mrina asali asiye na vidole atakula nini?

Kwenye hospitali kubwa Dodoma nilimkuta daktari, binti ninayeweza kumzaa. Akaniamkia, kisha akasema, "Baba, askari wa mwili wako wamegeuka, wanapiga nyumba yao wenyewe. Ipo sindano ya kumtuliza yule anayewachochea. Haiwaui wote." Hapo nikaelewa haraka kuliko msomi! Mjinga huchoma mzinga. Fundi hupuliza moshi kidogo tu, nyuki wakatulia. Lakini akaongeza kwamba askari wakipoa, kifua kikuu kilichojificha chaweza kuamka. Wakanipima kwanza, nikaonekana salama. Hata hivyo nikaanza kuiogopa dawa kama nilivyouogopa ugonjwa.

Ya kwanza nikachomwa palepale. Zilizobaki nikapewa kwenye kasha la barafu: zisipate joto, zisigande. Treni ya kuturudisha nyumbani, mimi na Mama Neema, ikafika Kigwa, kabla ya Tabora, ikasimama. Maji ya mvua yalikuwa yamefurika juu ya reli mbele yetu. Jua likapanda. Nafungua kasha, barafu imekuwa maji. Nafunga. Nafungua tena.

"Baba Neema, unaingiza joto! Funga, uombe."

Nikaomba, ndugu zangu: "Bwana, usiniache na vidole hivi!"

Akapita mama mmoja mwenye ushungi, ana ndoo ya barafu za ubuyu. Nikamwambia nazitaka zote.

"Zote, mzee? Utakohoa mpaka Tabora!"

"Si zangu. Ni za sindano."

"Makubwa! Sindano gani hiyo inayonyonya ubuyu?"

Alipoelewa, akaacha kucheka. Akazipanga mwenyewe ndani ya kasha, maana mikono yangu haikuweza. Mama Neema akavua khanga ya mabegani, akazifunga sindano zisigande. Maji yalipopungua treni ikaondoka, tukaingia Tabora kasha likiwa baridi. Haleluya!

Nafuu ilikuja polepole. Asubuhi moja nikafunga vifungo vyote bila kumwita mke wangu. Yeye ndiye aliyelia.

Sindano bado naendelea nazo. Hofu nayo haijahama: umeme ukikatika, naenda kuishika friji kama mtoto mwenye homa. Lakini Mungu aliyenitumia daktari, na mama wa ubuyu, hajachoka. Wewe unayeficha viungo vyako vilivyovimba, nenda hospitali, naye atakwenda nawe. Mtegemee!

Ibada ikiisha nitasimama mlangoni. Njooni tushikane mikono, na mkaze kabisa! Ila mwenye kikohozi, ndugu yangu, nipungie kwa mbali. Utukufu kwa Bwana!