Bibi Chadia na Mnara Waliouvika Simenti

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti nzuri ya kuwapa. Nimekasirika. Anayetaka muziki laini ahamie redio nyingine.

Bibi Chadia Atumani amekufa. Amekufa Jumamosi, hapa Kasongo, chini ya ukuta wa mnara wa walinzi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Nasema tena: ukuta wa mnara ndio uliomuua.

Mnara mnaujua. Tofali za udongo, ghorofa mbili, pale njia ya Nyangwe inapoingia mjini. Ulijengwa zamani za biashara ya pembe na ya watu. Juu alikaa mlinzi na bunduki yake. Chini walifungwa watu. Babu wa babu yake Bibi Chadia alikuwa mmoja wa walinzi hao, na bibi hakuficha. Kila aliyekuja kuangalia, bibi alimwambia: "Sisi ndio tulikuwa juu." Jirani yake Mama Apolline, Mkristo, alijibu: "Na sisi tulikuwa chini." Kisha waliendelea kukanda udongo.

Ndiyo, kukanda udongo. Kila mwezi wa nane, kabla ya mvua, wanawake hawa wawili waliupaka mnara udongo wa kichuguu uliochanganywa na makapi ya mpunga. Miaka arobaini! Ukuta wa udongo unapumua. Maji yakiingia, yanatoka. Bibi alilijua hilo kuliko injinia yeyote.

Mwaka jana ikaja komite ya mapokezi. Mgeni mkubwa anakuja, mji uonekane safi. Wakaupaka mnara mzima simenti, halafu rangi nyeupe juu. Ati wameurekebisha! Chumba cha chini wakakiziba kabisa, mgeni asije akauliza maswali. Mama Apolline alikuwepo. Anasema bibi alisimama mbele ya mafundi: "Munafungia maji ndani, ukuta utaoza. Na hicho chumba, munaficha nani?"

Prezida wa komite akamjibu: "Mama, tuachie sisi wenye tulisoma." Hivi kweli! Mtu hajawahi kushika udongo hata siku moja.

Mvua zikapiga. Simenti ikapasuka, udongo ndani ukawa uji. Bibi akachukua nyundo na patasi, akaanza kuibandua simenti mwenyewe, kidogo kidogo, kila asubuhi. Binti yake Soraya aliniambia jana: "Nilimwambia, mama, acha, iko hatari. Akasema, nikiacha utaanguka wote, na watoto wataambiwa hapa palikuwa depo ya kuwekea chumvi."

Jumamosi bamba la simenti likaanguka na tofali zake, yeye akiwa chini. Komite inasema ni ajali. Ajali! Msinichekeshe kwenye msiba.

Soraya, na ukoo wote wa Atumani, poleni sana. Mama Apolline, pole, nawe ni mfiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu. Upande mmoja wa mnara bado umesimama, na simenti bado iko juu yake. Tufikiri, jamani. Kila mmoja ajiulize alikuwa wapi.

Mimi najua nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Wiki tatu zilizopita bibi aliniletea tangazo nilisome. Nikaiogopa komite, nikamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi. Nikamwambia tena arudi. Karatasi yake ninayo mkononi, ameiandika mwenyewe. Inasema hivi:

"Mimi Chadia Atumani ninaomba watu wanne wenye nguvu, Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye mnara. Muje na ngazi, na miti ya kushikiza ukuta. Mimi nitafika mapema. Tafadhali musichelewe, peke yangu siwezi."