Bi Tambara na Bunduki Namba Kumi na Saba

Waombolezaji, majirani, na hata ninyi mliokuja leo mkiwa na lenu moyoni, familia inawaomba utulivu, kwa kuwa historia hii imeandikwa na mdogo wa marehemu, ndiye huyu anayeisoma, na marehemu mwenyewe alisomewa yote, isipokuwa ya siku za mwisho, mwezi Mei akiwa kitandani, akasahihisha tarehe mbili na kukataza kufutwa kwa neno hata moja, hivyo atakayeona limemgusa asimlaumu msomaji.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba aliyenoa misumeno ya kiwanda hicho na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alikuwa mtoto mkaidi, asiyependa kubebwa, na mama alikuwa akisema kwamba huyu ukimpa kikombe kichafu hanywi, hata kama kiu inamuua.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kuimaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1975, ambako alifaulu hesabu na kuanguka somo la upishi, jambo lililomsikitisha mama peke yake.

Tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa kufagia duka la bunduki za wawindaji na wakulima, duka lenye kaunta ndefu ya mbao na chumba cha fundi kwa nyuma, na fundi huyo, mtu mwenye ulimi wa shubiri, alimwambia siku ya kwanza, "Kazi yako ni sakafu, juu ya meza usiguse." Hakugusa, ila macho hayakufungwa kamba, na kila siku alipofagia alijua kutokana na takataka ni bunduki gani imefunguliwa, ipi ilikuwa na kutu, ipi mwenyewe aliijaza mafuta mengi hadi yakaganda na baruti yakawa kama lami. Mwaka 1978 mkulima mmoja alileta bunduki yake ya marisau, ile yenye mitutu miwili, akisema inapiga teke kama punda, na fundi alipotaka kutoka nayo uani kuijaribu, mfagiaji akasimama mlangoni na ufagio wake, akasema, "Usiipige hiyo, mtutu wa kushoto umemwaga udongo sakafuni, hauoni mwanga." Fundi alimtukana, kisha akaifungua, akahakikisha haina risasi, akachungulia kwa upande wa nyuma, akakuta nyigu wamejenga kiota cha udongo katikati ya mtutu, na laiti angefyatua, chuma kingepasukia mkononi mwake. Hakumshukuru, lakini kesho yake alimsogezea kiti kwenye meza.

Hapo ndipo alipojifunza kazi ambayo wengi wenu mliicheka, kupitisha fimbo yenye brashi ya waya wa shaba kuanzia nyuma kwenda mbele, kufuatisha na tambara lenye dawa, kisha tambara kavu, na lingine, na lingine, mpaka litoke jeupe kama lilivyoingia, ndipo apake mafuta membamba yasiyoonekana kwa jicho bali kwa ncha ya kidole. Kwa sababu ya vitambaa hivyo vilivyokuwa vikining'inia mfukoni mwake, walinzi waliokuwa wakileta bunduki zao dukani walimwita Bi Tambara kwa dhihaka, naye akaipokea dhihaka hiyo na kuiandika kwenye kikombe chake cha chai.

Tarehe 1 Februari 1981 alijiunga na kampuni ya ulinzi, ambayo familia haitaitaja kwa jina ingawa wawakilishi wake wameketi kule kwenye viti vya kivuli, akapewa ghala la silaha lenye bunduki arobaini za marisau, dirisha moja la nondo na balbu moja. Aliwashonea walinzi mifuko ya turubai ili bunduki zisilowe, akabadilisha mikanda ya begani iliyokuwa ikikata nyama, akawawekea walinzi wafupi na wanawake raba nene nyuma ya kitako ili teke la bunduki lisiwavunje bega, na kwa miaka kumi na saba hakuna silaha iliyomdhuru mtu akiwa yeye ndiye mshika ufunguo.

Ndani ya kampuni hiyo alikutana na mlinzi mmoja mrefu, mcheshi, aliyekuwa akirudisha bunduki yake ikiwa safi kuliko wenzake wote, makusudi, ili akose kugombezwa na apate nafasi ya kuongea, wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa binti mwaka 1984 na kijana mwaka 1987, na familia inakiri kwamba miaka ile ilikuwa ya raha, nyumbani kwao vilisikika vicheko hadi barabarani.

Mwaka 1998 bunduki namba kumi na saba ililika meno ya ndani, yale yanayoishika nyundo isiangukie risasi, ikawa ukiigonga kitako chini inaweza kufyatuka yenyewe. Marehemu aliandika barua kwa mkuu wa operesheni tarehe 11 Februari, akaandika nyingine tarehe 3 Aprili, na ya tatu tarehe 28 Mei, akabandika kwenye kitako kibandiko chekundu cha ISITOKE, akaitundika peke yake ukutani. Mkuu huyo, ambaye yupo hapa na tunamwona, badala ya kuagiza chuma kipya aliagiza tochi za kufunga chini ya mtutu, vibebeo vya risasi na mikanda ya rangi, kwa kuwa wateja walikuwa wanakuja kukagua, na marehemu alipompelekea malalamiko ofisini alijibiwa, "Mama, mteja haoni utumbo wa bunduki, anaona mkanda. Wewe pamba, hayo mengine niachie." Alipamba thelathini na tisa. Ya arobaini hakuigusa.

Jumatatu ya tarehe 22 Juni 1998, saa moja asubuhi, marehemu akiwa kliniki na mtoto mwenye homa, mkuu wa operesheni alifungua ghala kwa ufunguo wa akiba, akaiteremsha namba kumi na saba ili hesabu ya bunduki arobaini itimie mbele ya wateja, akaifunga tochi na mkanda mpya, akaikabidhi kwa mlinzi aliyekuwa karibu, ambaye kwa bahati mbaya kuliko zote alikuwa shemeji yetu, mume wa marehemu. Shemeji alipokuwa akishuka garini lindoni bunduki ilimponyoka, kitako kikapiga lami, ikafyatuka, na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti mchana wa siku ileile.

Mambo yangeishia kwenye msiba wa mguu, tungelia na kunyamaza. Lakini wiki tatu baadaye, marehemu akiwa bado anamwosha kidonda mumewe asubuhi na jioni, kamati ya kampuni iliketi, na shemeji akaletwa kwa kiti cha magurudumu, akasema mbele ya wote kwamba bunduki alikabidhiwa na mke wake, ikiwa chafu, bila kibandiko chochote. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kukaa getini maisha yake yote. Marehemu alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono mmoja ukiwa na chupa ya dawa ya kidonda, na waliokuwepo wanasema hakupiga kelele, alimtazama tu, akauliza, "Baba watoto, ni mimi?" Marehemu alifukuzwa kazi tarehe 20 Julai 1998 kwa barua yenye mistari minne.

Wapo hapa majirani waliovuka barabara wasisalimiane naye, wapo mawifi waliosema kwamba alitaka kumuua kaka yao arithi nyumba, na wapo ndugu zetu wa damu waliomshauri ayamalize kimyakimya, asianike ya ndani. Yeye aliendelea kuosha kile kidonda hadi kikapona, kisha akahamishia godoro lake kwenye chumba cha binti, akafungua shauri kwenye baraza la kazi, akashona nguo za watu kwa miaka sita huku akihudhuria vikao ishirini na tatu, amevaa gauni lilelile la bluu lililopigwa pasi.

Tarehe 14 Septemba 2004 shemeji aliitwa kuapa. Aliingia kwa magongo, akaulizwa swali lilelile la siku zote, nani alimkabidhi bunduki, akaegemeza magongo kwenye meza, akasema, "Kibandiko kilikuwepo. Nilimwona bosi anakibandua kwa kucha. Mke wangu hakuwepo. Nilidanganya." Tarehe 5 Novemba 2004 baraza liliamua kwamba marehemu hakuwa na kosa, na jioni ile nyumbani alimwekea mumewe chakula, akaketi mbele yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, akamwambia, "Ungeyasema haya siku ile, tungeishi." Kisha akanyanyuka, akaenda chumbani kwa binti, na hakurudi tena kwenye meza ile.

Kampuni ilimwita arudi, akakataa. Kuanzia Machi 2005 hadi alipostaafu Desemba 2019 alitunza silaha za klabu ya kulenga shabaha, na kila Jumamosi walinzi wa kampuni ileile iliyomfukuza walikuja kwa kujificha, wakiwa wamevua sare, kufundishwa kusafisha bunduki zao, naye hakumfukuza hata mmoja, ila aliyekuja na kucha chafu alirudishwa bombani.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2022, akalazwa mara nne, na tarehe 6 Julai 2023, saa tisa alasiri, alifariki dunia wodini akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi mitatu na siku ishirini na saba, ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi aliyekubali kugombezwa naye kuhusu mashuka. Inawashukuru majirani wa nyumba ya mbele, ambao hawakuvuka barabara, na wanachama wa klabu, na walinzi mliokuja leo mkiwa mmevaa sare zenu bila kujificha. Shada la maua lililoletwa na kampuni limewekwa nje ya lango, na aliyelileta anaweza kulichukua akitoka.

Limebaki neno moja kwa shemeji yetu, aliyeketi pale mstari wa mbele, aliyemletea marehemu chai kila asubuhi kwa miezi kumi na sita ya ugonjwa, naye akaipokea na kuinywa bila kusema lolote. Siku mbili kabla ya mwisho mdogo wake alimuuliza, "Dada, mumeo nimwandikie nini?" Akajibu, "Usiandike kitu. Huyo nitaongea naye mwenyewe, kesho nikipata nguvu." Kesho yake alilala kutwa nzima, na kesho kutwa ndiyo ile ya saa tisa. Shemeji, hatujui alitaka kukuambia nini, na hatutakutungia.

Dada, kazi umeimaliza, pumzika sasa, kwa amani waliyokunyima.