Barua ya Jaime Niliyoisoma Nusu

Ndugu waombolezaji, majirani wa Chikongola, nanyi mliovuka maji pale Kilambo mkatuwahi, poleni na msiba. Mimi ni Elia, ndugu wa mama yake marehemu, tumbo moja, na kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo karatasi hii ya wasifu wake imeangukia mikononi mwangu, ingawa nikifika mwisho huenda mkajuta kunipa.

Marehemu Jaime Custodio Nampota alizaliwa tarehe 12 Machi 1966, ng'ambo ya Ruvuma, na vita vilipopamba moto mwaka 1968 mama yake alimvusha akiwa amembeba mgongoni, wakaja kwangu Kilambo, ndipo baadaye akazaliwa mdogo wake wa pekee, Yolanda, huyu aliyekaa mbele hapa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, akafaulu, lakini sekondari hakwenda, kwa kuwa niliamua abaki tulime mihogo, naye hakunung'unika.

Mwaka 1988 aliajiriwa kwenye ghala la korosho la chama cha ushirika hapa mjini, akawa mpimaji ubora kwa miaka kumi na tisa. Wakulima mliopo mnamjua na bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, alilichoma nalo gunia hadi chini kabisa, akatoa korosho, akazikata kwa kisu moja moja atazame ndani, hata ungemwapia kwa jina la mama yako, na ndiyo maana mkamwita Kata Kwanza. Mlimtania sana, lakini gunia jeusi ndani halikumpita.

Alifunga ndoa na Helena tarehe 14 Septemba 1991, wakajaliwa watoto watatu, na nyumba yao sikuwahi kuitwa kusuluhisha.

Maradhi yalianza Oktoba 2005, maumivu chini ya mbavu za kulia. Altrasaundi ya hapa Mtwara ilionyesha doa kwenye ini, daktari akaagiza aende Dar es Salaam kupigwa picha za siti skani kwa dawa ya mshipani, nami nikamsindikiza. Jumatano tarehe 23 Novemba mtaalamu alituketisha akatueleza kwa subira, kwamba picha hupigwa kabla ya dawa, kisha dawa inapoingia kwenye ini, kisha inapotoka, kwa sababu uvimbe mbaya huipokea dawa na kuiacha tofauti na ini lenye afya, na bila dawa uvimbe na ini vinaweza kuonekana rangi moja. Alisema pia kwamba watu wachache dawa hiyo huwadhuru. Hapo mimi nikakataa. Kaka yangu alichomwa dawa ya picha ya figo mwaka 1997, akavimba koo, akafa mezani nikimtazama, na hofu ile sijapona hadi leo. Jaime aliniambia taratibu, mjomba, waache wachome, mimi mwenyewe siamini gunia kwa kulitazama juu. Nikamwambia hapana. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, na bado alinitii, ndivyo nilivyomlea.

Akapigwa picha bila dawa. Barua ya majibu ilikuwa ya Kiingereza, nami nilikuwa karani wa mahakama, kwa hiyo familia ilinitegemea. Niliwasomea mstari wa kwanza, kwamba hakuna uvimbe unaoonekana wazi, tukachinja mbuzi, mkala wote. Mstari wa pili ulisema picha hizo hazitoshi, zirudiwe kwa dawa ndani ya wiki mbili. Huo sikuusoma, maana ungeonyesha kosa ni langu, nikaifungia barua sandukuni. Helena, mkwe wangu, unasikia leo kwa mara ya kwanza, na sikuombi unisamehe hapa mbele za watu.

Februari 2007 macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, tukarudi Dar es Salaam, safari hii akachomwa dawa na haikumdhuru hata kidogo. Kwenye picha uvimbe uling'aa upesi dawa ilipoingia, ukafifia kabla ya ini lenyewe, ndiyo dalili waliyokuwa wakiitafuta, tena ulikuwa umekula upande wote wa kulia. Daktari alisema ungeonekana mapema huenda wangeukata. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 3 Juni 2007, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Dar es Salaam, majirani mliopika na kukesha, na wenzake wa ghalani mliobeba jeneza.

Nimebakiza jambo moja. Ugonjwa huu ulitokana na kirusi cha ini, na damu ya Yolanda imeonyesha kirusi hichohicho, na altrasaundi ya wiki iliyopita imeona doa. Jumatatu tarehe 11 atapigwa picha kwa dawa. Hakuniuliza, na karatasi ya ruhusa ameshaitia saini mwenyewe, na majibu yakija atayasoma yeye, hadi mstari wa mwisho.

Jaime, mwanangu, ulinitii na mimi nikakuzika. Pumzika kwa amani.